Mtu Ndani ya Taa ya Kushoto

Kabla hamjaigusa taa ya zenoni, wanangu, vueni pete, vueni saa, halafu chomoeni waya wa betri mkae mnywe chai. Nasema chai ya kukaa chini, si ya kusimama na kikombe mkononi huku jicho liko kwenye boneti. Kile kisanduku kidogo kilichofungwa chini ya taa, balasti, kinabaki na umeme hata gari likiwa limezimwa. Kinachukua ule umeme mdogo wa betri mnaouchezea kila siku, kinaukuza mpaka unakuwa wa kuangusha ng'ombe. Mimi ulinirusha mara ya kwanza nikatua ndani ya karai la oili chafu, na mafundi wenzangu badala ya kuninyanyua wakaanza kubishana kama nimekufa au nimezimia tu. Nilipofumbua macho nikawatukana wote kwa majina yao, ndipo wakakubaliana kwamba niko hai.

Chekeni tu. Mwalimu wenu wa chuo ameniomba niwaeleze mambo ya kazi, na mimi sina mambo mengine ila haya. Nimeshika umeme wa magari hapa Dodoma tangu nikiwa msichana wa Kirangi niliyetoka kwetu na sanduku la bati, mpaka macho yalipokataa kuona waya mwembamba. Watu wananiita Mama Nyemo. Wateja wengine walikuwa wakifika gereji wananiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Ametoka, lakini ameniachia spana zake." Nawatengenezea gari, wanaondoka wanamsifu huyo fundi aliyetoka.

Aliyenifundisha ni Mzee Mgoli, kwenye karakana ya serikali. Wakati huo taa za mbele zilikuwa kioo kizima cha duara, na ya gari hili inaingia kwenye gari lile bila maneno. Ikiungua unaitupa, unaweka nyingine. Mzee Mgoli alikuwa mtu wa kuudhi. Hasemi kutwa nzima, na akisema anakusema wewe. Alikuwa na tambara bichi la kufutia mikono, na akikukuta umeinama unaikodolea taa iliyowashwa, tambara linakutua shingoni. "Wewe binti! Taa haikuambii kitu. Geuka uangalie ukuta." Maana kila gari tulilisogeza mbele ya ukuta, na pale ukutani ndipo tulipoona kama taa imepanda, imeshuka, ina ufa au ina maji. Tambara lile nimelichukia moyoni miaka mingi, jamani, lakini shingo yangu ilijifunza.

Kisha likaja soko huria. Karakana ikafungwa, tukapewa mkono wa kwaheri, Mzee Mgoli akarudi kwao akafia huko. Mimi nikapanga pembe moja ya ghala kuukuu la karanga karibu na reli. Ghala lile lilikuwa halina dirisha hata moja. Ukifunga milango saa sita mchana, ndani ni kiza cha kaburi, na kwa fundi taa hiyo ni bahati. Nikaupaka chokaa ukuta wa mwisho, nikachora mstari wa mkaa kimo cha nyonga. Majirani wa ghalani walikuwa wauza mbao na magunia, na wao hawakupenda kubaki ndani milango ikifungwa. Walisema karanga zile ziliondoka lakini kuna kitu kilibaki. Mimi nikawaambia kilichobaki ni panya.

Ndipo magari ya mitumba ya Japani yakaanza kumiminika. Taa zake hazikuwa za njano tulizozizoea. Zilikuwa hizi za zenoni, nyeupe zenye ubluu, mwanga wa baridi, na ukiziona zinakuja kutoka mbali kwenye tambarare yetu hii isiyo na kitu cha kuzikinga, zinaning'inia pale muda mrefu, hazisogei, halafu ghafla zimekufikia. Watu walizichukia. Kule Msalato kulikuwa na bwana mmoja mpole, mfuga kuku, ambaye taa zake zilianza kubadilika rangi. Zikawa za waridi, kisha zambarau. Basi akipita jioni na ile zambarau yake, watu wanaingiza watoto ndani, na mkewe akawa hapati tena mtu wa kununua mayai. Mnajua ilikuwa nini? Globu imezeeka. Zenoni haifi ghafla kama globu ya kawaida. Inabadilika rangi kwanza, kisha inajizima na kujiwasha, kisha ndiyo kwaheri. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili, usije ukampa mtu gari lenye jicho jeupe na jicho la zambarau. Nilimwekea mbili nyeupe. Msalato wakasema ameombewa.

Nawaeleza hayo ili mjue kwamba nilikuwa nimeshazoea. Nilipoletewa gari la Elia nilijiona mjuzi, sikutarajia taa kunitisha tena.

Elia alikuwa kijana wa Kigogo, anauza dawa za mifugo mjini na analala kwake Zuzu. Alikuja mchana, gari jeupe, zuri, taa ya kulia imekufa. Akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo mama fundi," lakini hakunitazama. Alikuwa amekonda, shati linaelea. Nikamwambia, "Marahaba. Naona jicho la kulia limelala. Tutaliamsha."

"Hapana, mama. Sikuja kwa ya kulia," akasema. "Nataka uniondolee hii ya kushoto."

"Hii inayowaka?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa utaendaje Zuzu jioni, utapapasa?"

Nikampa kigoda akae, nikampa maji, na hapo ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na gari lenyewe: "Kaka yangu yumo, mama."

Nikamwuliza kaka gani. Akanieleza. Gari lilikuwa la kaka yake, Samweli, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwembamba ambaye akisimama kukusikiliza anafumbata mikono kifuani. Alilinunua, akaliendesha kidogo, akaugua. Miezi yote ya kuugua kwake gari lilikaa uani. Fundi mmoja wa mtaani aliitwa kubadilisha globu ya kushoto, akabadilisha, akaenda zake. Samweli akafariki. Siku ya kuanua matanga wazee walikaa wakamkabidhi Elia funguo mbele ya ndugu wote, na jioni ile ile akawasha gari kwenda kwake.

"Pale karibu na Zuzu, mama, barabara inapolielekea tuta la reli kabla haijakata kona. Nikamwona amesimama ukingoni mkono wa kushoto. Hivi." Elia akafumbata mikono kifuani, akainamisha kichwa. "Nikapiga kelele. Sikusimama."

"Kwa nini hukusimama?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Na kweli nililijua jibu. Madereva wote wa njia zetu hizi, wa Chemba, wa Zuzu, wa wapi, walifundishana hivyo: ukimwona wa barabarani, yule usiyemwelewa, usisimame, usipige honi, usiitikie hata akikusalimia. Kanyaga mafuta upite. Ukisimama umempakia, na aliyepakiwa hashuki. Waliambizana haya kwenye vijiwe vya chai na macho makavu kabisa.

"Kila jioni yupo," Elia akasema. "Kila jioni nakanyaga mafuta. Nikifika kona anateleza kwenye tuta, anapotea. Na siku nyingine, mama, wanakuwa wawili."

"Wawili?"

"Wa pili ana fimbo. Huyo simjui. Nadhani kaka amekwenda kumchukua anayepokea watu. Nimeshamwonyesha mke wangu mahali ninapotaka kulala."

Alisema kulala, akimaanisha kuzikwa. Ana umri wa mwanangu wa kwanza. Niliumia, wanangu, na nikiumia huwa mkali. Nikamwambia, "Ingiza gari ghalani. Tutamwona huyo kaka."

Akaliingiza mpaka mbele ya ukuta wangu wa chokaa. Nikafunga mlango wa kwanza, nikafunga wa pili. Kiza. Nikasikia tu pumzi yake na mabati yakialika kwa jua huko juu. Nikasema, "Washa."

Zenoni haiwaki mara moja kama kiberiti. Inamemetuka kwanza kwa rangi ya samawati, inasitasita, kisha mwanga unajaa polepole. Ukuta ukawa samawati, ukawa mweupe. Na katikati ya ule weupe, mkono wa kushoto, chini kidogo ya mstari wangu wa mkaa, alikuwa amesimama mtu.

Siwadanganyi. Si doa wala ukungu. Alikuwa mtu mwembamba, shingo ndefu, kichwa kimeinama, mikono imefumbatwa kifuani. Mweusi tii, kingo zake kali kana kwamba amekatwa kwa mkasi. Nikageuka kutazama nyuma yangu kama kuna mtu kasimama mbele ya taa, na hapakuwa na mtu. Nilipourudisha uso ukutani, akatikisa kichwa.

"Umeona?" Elia akanong'ona. "Ananiita."

Miguu ilitaka mlango. Kilichonizuia si ushujaa. Nilisikia shingo yangu imepoa, kama vile tambara bichi limetua pale, nami nikajiambia, haya, Mgoli, ukuta ndio huo nauangalia, unaniambia nini?

Kwanza nikaangalia ule mtikisiko. Haukuwa wa kichwa tu. Ukuta mzima ulikuwa ukitikisika, mwanga unazidi na kupungua. Hiyo ni ethi mbovu. Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye chuma cha bodi, ukishika kutu, zenoni inapepesa, na kinachopepeswa kinaonekana kinacheza. Basi, kichwa hakikutikiswa na mtu. Pili nikapitisha mkono mbele ya kioo cha taa. Kivuli cha mkono kikaja ukutani, kikubwa, kimefifia, kingo zimeyeyuka. Yule mtu akabaki na kingo zake kali. Hapo nikashusha pumzi mpaka Elia akaisikia.

Sikilizeni vizuri hapa. Taa hizi zina lenzi nene ya duara mbele, kama jicho la ng'ombe, na ndani nyuma yake kuna kibati kinachokata mwanga usipande ukampofusha anayekuja. Chochote kilicho jirani na kile kibati, lenzi inakichukua inakwenda kukichora mbele ya gari, wazi kabisa, kikubwa, na juu chini. Kilicho mbele ya kioo hakichorwi hivyo. Kwa hiyo yule aliyesimama wima ukutani alikuwa ndani ya taa, na mle ndani alikuwa ananing'inia kichwa chini.

"Elia," nikasema, "zima. Chomoa betri. Tunakunywa chai."

"Chai, mama? Saa hizi?"

"Kunywa chai!"

Tulikunywa. Kisha nikaifungua taa. Nilipoifikia nyuma nikakuta kile kifuniko cha mpira hakipo. Fundi wa mtaani alikivua abadilishe globu, hakukirudisha. Kifuniko kile si pambo. Dodoma hii kila chenye mabawa kinapenda taa. Nikatoa globu kwa kushika kitako chake, bila kugusa kioo, maana alama ya kidole ikipata moto inaipasua. Nikatenganisha lenzi na kibati. Na pale, kwenye ukingo wa kibati, alikuwa ameng'ang'ania vunjajungu, amekauka kama dagaa, mikono yake ile ya kusali imefumbatwa, kichwa kikiangalia chini.

Nikamwita Elia aone. Nilidhani atacheka, au atanishukuru. Alimtazama yule mdudu muda mrefu, kisha machozi yakamtoka. "Kwa hiyo kaka hayupo kabisa," akasema.

Nilimshika bega. Alipotulia akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Na yule wa pili, mama?"

"Wa pili ni hofu yako, baba," nikamwambia. "Mtu akiona mmoja kila siku ataona hata kumi. Ukutani umeona wangapi?"

"Mmoja. Lakini wa pili hukaa kule kule tutani."

"Basi mwache akae." Nilikuwa nimejaa sifa, wanangu. Nimemtoa mzimu ndani ya taa kwa bisibisi! Nikamweka vunjajungu kwenye kiberiti kilichoisha njiti, nikakitia mfukoni, nikidhani nitawaonyesha wale wauza mbao wenye karanga zao.

Nikamalizia kazi. Taa ya kulia haikuwa imekufa. Maji yaliingia kwenye plagi ya balasti, shaba imeota ukijani. Nikaisugua kwa brashi, nikaikausha, ikawaka. Na hiyo ndiyo iliyokuwa imempa yule mtu nguvu, maana taa mbili zikiwaka pamoja, moja inafuta kivuli cha mwenzake. Ikibaki moja, kivuli kinatawala. Waya wa ethi nikaukwangua mpaka nikaona chuma cheupe. Vioo vya nje vilikuwa vimefanya ukungu wa manjano kwa jua, nikavipiga msasa wa maji, mlaini kisha mlaini zaidi, nikamalizia na dawa ya meno na kitambaa. Nyuma, chini ya gari, kuna mkono mdogo unaoiambia taa kama gari limebeba mzigo ili ishuke. Ulikuwa umepinda kwa magunia ya dawa zake, ndiyo maana taa zilitazama juu kupita kiasi. Nikaunyoosha. Kifuniko cha nyuma nikakikata kwenye mpira wa ndani wa tairi, kikabana vizuri. Tukafunga milango tena, tukawasha. Ukuta mweupe, mtupu, mstari wa mkaa umenyooka.

Ningeishia hapo, ningesimulia habari ya mdudu, mngecheka, tukaenda zetu. Ila Elia akasema, "Mama, tafadhali nisindikize mpaka Zuzu. Nikipita pale leo nikiwa na mtu, nitaamini."

Nilitaka kukataa. Nina njaa, nina mgongo. Lakini Mzee Mgoli hakuwahi kutoa gari bila kupanda na mwenye gari, na uzee wake wote alipanda malori akilalamika. Nikapanda.

Ilikuwa kiangazi, jua linazama, na upepo ulikuwa umeinua vumbi lote la Ugogo likabaki limening'inia hewani. Mnalijua vumbi lile, linafanya jua liwe jekundu na kila kitu kiwe mbali. Tulipopita nyumba za mwisho Elia akawasha taa. Weupe ukatoka mbele yetu ukaingia kwenye vumbi, na barabara nzima ikawa kama ghala langu, ukuta mbele yetu na ukuta unakwenda nasi. Sikuipenda hali ile. Nikajikuta nakipapasa kile kiberiti mfukoni, kuhakikisha yumo.

Tuta la reli likatokea, jeusi, kuvuka upeo wote wa mbele. Barabara ikalielekea. Taa zikalipanda.

Elia akavuta pumzi.

"Mama," akasema taratibu sana. "Mmoja amebaki."

Nikatazama. Ukingoni mkono wa kushoto, chini ya tuta, alikuwa amesimama mtu. Mwanga ulimfika kifuani tu. Kichwa kilikuwa nje ya mwanga, hakipo. Mikono imefumbatwa juu ya fimbo. Hakusogea hata kidogo. Wazo langu la kwanza, wanangu, lilikuwa la fundi aliyeaibika: nimeacha mguu wa yule mdudu kwenye kibati. Wazo la pili sikutaka kulimaliza.

Na Elia akafanya alichofundishwa. Hakupiga honi. Hakupunguza. Nilisikia injini ikiguna, akakanyaga mafuta, ameelekeza uso mbele kama mtu anayejitoa, na kona ile ya kushoto ingetupitisha pale pale aliposimama.

Ukuta, nikajiambia. Angalia ukuta.

Nikaacha kumtazama yule mtu, nikaangalia tuta nyuma yake. Na pale kwenye udongo wa tuta niliona vivuli viwili, virefu, vimeachana kidogo, kila kimoja na fimbo yake. Kimoja cha taa ya kulia na kimoja cha taa ya kushoto. Yule wa ghalani hakuwa na kivuli nyuma yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kivuli. Huyu taa zangu zilikuwa zinamgonga, hazimchori. Huyu alikuwa na mwili.

"Ni mtu!" nikapiga kelele. "Elia, ni mtu!" Na sikumsubiri aniamini. Nikaishika breki ya mkono kwa mikono miwili nikaivuta nikipiga ukelele wa mwanamke wa Kirangi, ambao hamjawahi kuusikia na msiombe. Gari likaseleleka, mkia ukazunguka, vumbi likatumeza. Likazima. Taa zikabaki zinawaka ndani ya vumbi jeupe, na hatukuona kitu chochote.

Tukakaa. Elia alikuwa bado ameshika usukani. Hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Kisha ngo, ngo, kitu kikagonga boneti. Ngo. Vumbi likashuka taratibu na yule mtu akawa amesimama mbele yetu, sasa ana kichwa, kichwa cha mzee mwenye masikio yaliyotogwa, shuka begani, fimbo mkononi. Kati ya boneti na magoti yake ungepita mkono tu.

"Mbukwenyi," akasalimia.

Elia hakuitika. Nikafungua mlango mimi, nikashuka, nikamwitikia. Waliyosema walisema kwa Kigogo, nami nawaeleza nilivyosikia.

"Leo mmesimama," yule mzee akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayezungumzia mvua. "Gari hili la taa nyeupe nalijua. Linanipita hapa karibu linikanyage. Nasalimia, halijibu. Nikasema labda mle ndani hamna mtu."

Elia akashuka. Akaja mpaka kwenye mwanga, akasimama mbele ya mzee, akamtazama kuanzia miguuni, vumbi, makobazi ya tairi, shuka. Akanyoosha mkono akaigusa fimbo, kisha akamgusa mkono wenyewe, akaushika, hakuuachia.

"Babu," akasema, "unafanya nini hapa jioni zote?"

"Treni ilinigongea ndama wangu pale juu. Sasa ng'ombe wakichelewa malishoni nakuja kusimama, nisikilize reli, niwavushe." Akageuka, akaangalia tuta upande wake wa kushoto, pale palipokuwa na udongo mtupu unaong'aa kwa taa zangu mbili. Akaangalia kwa muda, akitafuta. Nilijua anachotafuta kabla hajasema.

"Yule mwenzangu leo hakuja," akasema. "Taa hii ikija, huwa anasimama hapa pembeni yangu. Mwembamba, mpole, amefumbata mikono. Naye namsalimia, hajibu. Lakini nilikuwa nikimwona, najua sisimami peke yangu. Yuko wapi leo?"

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikishika. Ningeweza kukitoa, kukifungua pale kwenye mwanga, nikawaeleza wote wawili lenzi na kibati na juu chini, kama ninavyowaeleza ninyi. Elia alinitazama, akajua nimekishika, akatikisa kichwa kidogo.

Kisha akamgeukia yule mzee, bado amemshika mkono.

"Huyo alikuwa kaka yangu, babu," akasema. "Leo nimekuja mimi. Mbukwenyi."

Mzee akamwitikia. Wakasimama pamoja wakisikiliza reli, nami nikarudi garini nikazima taa ili nisiwamalizie betri.